Maswali yenu: Boksi la sabufa ya gari hupimwa kwa hewa

Wiki hii nimeweka kando maswali ya redio na kamera za nyuma, kwa sababu mengi mliyoniletea ni ya boksi la sabufa, ile spika kubwa ya besi. Nayajibu kama ninavyowaeleza wateja wanaofika karakanani kwangu hapa Mbeya.

Habari za kazi, fundi. Nina IST, nimenunua sabufa ya inchi 12. Seremala wa mtaani anataka nimpe urefu, upana na kina cha buti tu, anichongee boksi. Nimpe? (Mwanjelwa)

Nzuri, ndugu yangu. Mpe, lakini usianzie hapo. Anza na lita za hewa ambazo sabufa yako inazitaka. Zimeandikwa kwenye karatasi ya vipimo iliyokuja nayo, na kama umeitupa, geuza spika, soma namba ya modeli nyuma ya sumaku, uitafute mtandaoni. Sabufa nyingi za inchi 12 hutaka lita 28 hadi 35 kwenye boksi lililozibwa kabisa, au lita 50 hadi 65 kwenye boksi lenye tundu la hewa. Nyingi, si zote. Karatasi ya spika yako ndiyo yenye kauli.

Sasa tazama hesabu inavyowaponyoka mafundi. Boksi lenye sentimita 70 kwa 38 kwa 35 kwa nje, ukizidisha unapata lita 93. Seremala anakwambia umepata boksi la lita 93. Hapana. Ubao wa milimita 18 unakula kila upande, ndani zinabaki lita 72 hivi. Sumaku na fremu ya spika vinakalia lita 3 au 4. Tundu la hewa la mbao nalo linachukua kama lita 10. Hewa iliyobaki kwa ajili ya kazi ni lita 58. Kutoka 93 hadi 58! Ndiyo maana watu wanabadilisha sabufa tatu wakidhani wameuziwa feki, kumbe shida ni boksi.

Kwa gari dogo, na kama hili ni boksi lako la kwanza, nakushauri lililozibwa. Linachukua nafasi ndogo, halina mahesabu mengi, na besi yake inapiga na kukata papo hapo. Singeli na gitaa la besi la kwaya vinasikika safi sana humo. Lenye tundu lina kishindo zaidi kwa ampli (mashine ya kukuza sauti) ileile, na wapenzi wa amapiano ndilo wanalolitaka, ila lisipopimwa vizuri linaua spika.

Jambo la mwisho: pima pia uwazi wa mlango wa buti. Nimeona boksi zuri, limeshavalishwa kapeti, likigoma kupita mlangoni.

Ndaga fijo fundi kwa kutuelimisha. Boksi langu lina bomba la PVC la inchi 4. Lilikuwa karibu liguse ubao wa nyuma, fundi akalikata nusu. Sasa kelele ipo lakini ile besi ya chini imepotea. (Tukuyu)

Chukua chupa tupu ya soda, puliza juu ya mdomo wake, usikilize inavyovuma. Boksi lenye bomba linafanya kazi hivyohivyo: hewa ya ndani na hewa iliyo kwenye bomba vinacheza pamoja na kuvuma kwa sauti moja maalumu. Shingo ikifupishwa, sauti inapanda.

Tuseme ndani kuna lita 58. Bomba moja la inchi 4 lenye urefu wa sentimita 30 linalifanya boksi livume kwenye hezi 34 hivi, yaani mitetemo 34 kwa sekunde, mahali pazuri kabisa kwa besi ya gari. Likate libaki sentimita 15, boksi linahamia hezi 44. Hujapoteza spika wala ampli, umehamishwa sauti.

Kuna hatari ambayo fundi wako hakukwambia. Besi ikishuka chini ya zile hezi za boksi, hewa haiishiki tena karatasi ya spika, ile koni inayocheza. Inaenda mbele na nyuma bila breki, na ukiongeza sauti, koili, ule waya uliozungushwa unaoisukuma, inagonga chini au mpira wa pembeni unachanika. Kwa hiyo kuanzia leo hadi utakaporekebisha, punguza sauti. Angalia pia kwenye ampli kama kuna kitufe cha kukata besi za chini kabisa, kwa kawaida kimeandikwa subsonic. Kiweke chini kidogo ya hezi za boksi lako.

Tiba yenyewe ni rahisi. Rudisha urefu wa sentimita 30 kwa kutumia kona ya PVC, bomba lipinde humo ndani. Kati ya mdomo wake wa ndani na ubao acha nafasi isiyopungua sentimita 10, hewa ipumue. Kama ampli yako ni kubwa, bomba moja la inchi 4 litaanza kupuliza kama mtu anayepoza chai. Hapo achana na mabomba, jenga tundu la mbao lililo pana.

Huku plywood ya paini tunayo kibao na bei ni nzuri. Kwa nini mafundi wote mnataka MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa? (Mafinga)

Mimi siidharau plywood yenu. Plywood ya milimita 18 isiyo na mapengo kati ya tabaka zake ni nyepesi kuliko MDF, inashika skrubu vizuri na inavumilia unyevu. Igonge kwa kifundo cha kidole sehemu mbalimbali: ikilia tupu mahali, humo kuna pengo, na pengo litakuja kuimba pamoja na besi. MDF inapendwa kwa kuwa ni nzito, iko sawa kila mahali na inakatika laini. Adui yake ni maji. Kwa watu wa Rungwe, ambako mvua na ukungu havikauki, buti likivuja MDF inavimba kama mkate uliolowa. Kingo zilizokatwa zipakwe gundi ya mbao iliyozimuliwa kidogo, mara mbili, kabla ya kapeti.

Mbao za paini za kupasua, zile za kenchi, usitumie. Zinakauka, zinapinda, zinaacha nyufa.

Chipibodi nayo kaa nayo mbali. Nilipoanza kazi nilimtengenezea kijana mmoja boksi la chipibodi kwa sababu hela yake ilikuwa ndogo. Haikuchukua muda, skrubu za spika zilitoka na unga wake, sabufa ikawa inaning'inia upande mmoja. Nilimjengea jingine bure na bado jambo lile linaniuma, maana aliniamini.

Shikamoo fundi. Asubuhi na baridi la huku besi inakuwa kavu, mchana inarudi. Spika imekufa? (Makete)

Marahaba. Haijafa. Mpira wa pembeni na kitambaa kinachoshikilia koili hukakamaa kwa baridi. Piga muziki kwa sauti ndogo dakika kumi hivi, gari lipate joto kwanza, ndipo uongeze. Usiilazimishe.

Nina Vitz, buti nalihitaji kwa mizigo ya duka. Nimeambiwa boksi la faibaglasi linaweza kukaa pembeni, nyuma ya tairi. Ni kweli? (Iringa mjini)

Ni kweli, dada yangu, na kwa mtu wa biashara kama wewe ndiyo njia ninayoipenda. Fundi anafunika kona kwa plastiki na tepu ya karatasi, anapaka tabaka za faibaglasi (nyuzi za kioo) na rezini (gundi inayoganda), inaganda kwa umbo la ubavu wa gari. Uso wa mbele unabaki wa MDF, ndio unaobeba spika.

Tatizo ni kwamba umbo lile halina urefu wala upana wa kuzidisha. Mimi natumia maharage. Ganda likishakauka nalilaza, namimina maharage makavu kwa ndoo ya lita 10 nikihesabu, hadi yafike ukingoni. Ndoo mbili na nusu ni lita 25. Lita zikipungua kuliko spika inavyotaka, naujenga uso utokeze mbele kidogo. Muulize fundi wako anapimaje lita za boksi la namna hii. Akisema anakadiria kwa macho, tafuta mwingine.

Na usimharakishe, hasa Juni na Julai. Rezini kwenye baridi inachelewa kuganda, na fundi mwenye haraka anazidisha hadina, dawa ya kuigandisha. Inapata joto kali, inaganda ghafla, kisha inapasuka. Kazi hiyo ingoje jua la mchana, ifanyike mahali penye hewa, na fundi avae barakoa na glavu.

Ampli yangu imeandikwa wati 1200. Besi ikipiga, taa za mbele zinafifia. (Vwawa)

Wati 1200 hizo ni za sekunde moja ya majigambo. Tafuta palipoandikwa RMS, hiyo ndiyo nguvu ya kudumu, na ulinganishe na RMS ya sabufa. Ampli ya wati 500 za RMS ikikazwa inaweza kuvuta ampea 45 au zaidi, na altaneta (mtambo wa kuzalisha umeme wa gari) ya gari dogo ina taa, feni na betri za kuhudumia pia.

Kwangua kwa kisu waya unaoleta umeme kwenye ampli. Ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa, nao unahitaji kuwa mnene zaidi. Waya wa hasi ufungwe kwenye bodi iliyopigwa msasa hadi chuma kionekane. Na fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Isipokuwepo, usilale kabla hujaiweka, maana waya huo ukichubuka na kugusa bodi, gari linaungua.

Nina Noah, naenda Dar mara kwa mara. Boksi liko nyuma, ni zito, sijalifunga na halijawahi kusogea. Kuna shida? (Makambako)

Ipo, kaka. Lile boksi la sentimita 70 nililolitaja juu lina kilo 17 za MDF tupu. Weka spika, uso wa mbao mbili na tundu la hewa, unafika kilo 25 au zaidi. Unateremka Kitonga, lori la mbele linasimama ghafla, unakanyaga breki. Zito hilo halina breki, na mbele yake wamekaa watoto.

Tumia vyuma vya pembe, boliti na nati zipite kwenye sakafu ya chuma, si skrubu kwenye kapeti. Kabla hujatoboa, ingia chini ya gari utazame tangi la mafuta na mabomba ya breki yanapopita. Ukimaliza, shika boksi kwa mikono miwili ulitikise kwa nguvu zako zote. Gari zima likitikisika pamoja nalo, safari njema.