Jibu: nikichora bidon (jerikani) inatoka bapa na vivuli ni vichafu, ninunue kreyo (penseli) gani?

Ndugu, nimetazama foto uliyoweka, ile ya bidon ya njano na sufuria. Mistari iko bien, mdomo wa bidon uko fasi yake, ata mkono wake umeukamata vizuri. Unauliza kama ununue boksi ya kreyo kumi na mbili juu vivuli vinatoka sawa uchafu. Apana, acha boksi, nunua papye (karatasi). HB moja (ya kati) na 4B moja (laini, nyeusi) zinatosha kabisa. Toka 1795, wakati Mfaransa Nicolas-Jacques Conté alichukua breve (hati ya uvumbuzi) ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo halafu anachoma, kreyo ni mchezo wa udongo tu: udongo ukizidi inakuwa ngumu na hafifu (njo zile H), ukipungua inakuwa laini na nyeusi (njo zile B). Kwa hiyo ile boksi ni kitu kimoja kimekatwa mara kumi na mbili.

Shida yako iko kwa mwangaza. Tazama tena foto yako, bidon iko na vivuli viwili chini, kimoja kinatoka kwa mlango na kingine kwa dirisha, tena ukuta mweupe wa nyuma unarudisha mwanga. Hapo ata fundi mkubwa atatoa bapa, juu hakuna upande wa giza wa kuchora. Funga mlango, vuta rido, bakisha dirisha moja, bidon iwe ubavuni mwa dirisha, isiwe mbele yake.

Na dirisha gani? Vitabu vya Ulaya vinasema dirisha la kaskazini, na kwao ni kweli, jua haliingii upande ule karibu mwaka wote, mwanga unabaki mtulivu. Sisi hapa Goma tuko chini kidogo tu ya ikweta, ile sheria haitusaidie. Toka mwisho wa Machi mpaka Septemba jua la saa sita linapita upande wa kaskazini, kisha toka Oktoba linahamia kusini. Kwa hiyo mwezi wa saba kaa kwenye dirisha linaloangalia ziwa, kusini, mwezi wa kumi na mbili hamia lile linaloangalia volkano Nyiragongo, kaskazini. Na saa sita usichore kitu nje, jua liko juu ya kichwa, kivuli kinajificha chini ya bidon yenyewe. Asubuhi au saa kumi njo muzuri, sipokuwa jua letu linapanda wima na mbio, utaona mpaka wa kivuli unatembea wakati bado unachonga kreyo. Njo maana ule mpaka mimi ninauandika wa kwanza, mstari hafifu, kisha siugusi tena ata jua lifanye nini. Usiku, tochi ya telefone moja iliyosimamishwa fasi moja inatosha, ata umeme ukikatika.

Bon, sasa kuchora. Funga macho nusu, sawa mtu mwenye moshi wa babula machoni. Vile vitu vidogo vyote, maandishi, mikwaruzo, tope, vinapotea, zinabaki fasi mbili: ya mwanga na ya giza. Jaza ile ya giza yote na rangi moja hafifu, moja tu, pamoja na kivuli kinacholala chini, bila kuweka nyeusi sana popote. Watu wengi hapa wanaruka hii hatua, wanaanza kusugua kona moja mpaka inang'ara, halafu wanashangaa kona ingine inakataa kufanana nayo. Ukisha jaza, kata kipande cha kartoni, toboa vitundu viwili, tazama bidon kupitia kitundu kimoja fasi ya giza na kingine fasi ya mwanga. Utashtuka. Ule upande wa kivuli uliokuwa unaona ni njano, kwenye kitundu ni kijivu kizito kabisa, juu akili inajua bidon ni njano na inakudanganya. Kuchora kivuli ni kulinganisha vile vitundu, basi.

Weka kitambaa cheupe chini ya bidon uone kitu: pale chini ndani ya giza panakuwa na mwangaza kidogo, unarudi kutoka kwa kitambaa. Watu wakiugundua wanaufurahia, wanaufuta na gome (kifutio) mpaka unawaka, bidon inaonekana sawa bati. Ule mwanga wa kurudi unabaki ndani ya giza, hauwezi kuwa mweupe kupita upande wa dirisha, ata siku moja. Fasi nyeusi kuliko zote kwenye ubavu haiko ukingoni, iko kidogo ndani, pale mwanga wa dirisha unaishia na ule wa kurudi haujafika. Na pale bidon inakanyaga kitambaa kabisa, kale kamstari kembamba, njo fasi ya 4B. Ukikose ako kamstari bidon inaelea.

Kivuli kinacholala nacho, pembeni ya bidon ukingo wake ni mkali, kadiri kinaenda mbali unalainika na kupauka. Usitumie kidole kulainisha, mafuta ya kidole yanakamata grafiti na gome haitoi tena. Kunja kapapye kagumu kawe na ncha. Mimi napenda zaidi mistari ya kreyo iliyolala, kreyo imeshikwa kwa juu juu, tabaka juu ya tabaka, inachukua muda lakini papye inabaki safi.

Sufuria iache kwanza. Aluminium haina kivuli cha polepole, inaiba kila kitu kilicho karibu nayo, dirisha, mkono wako, ata shati yako, nyeusi na nyeupe vinagusana bila kati. Baada ya bidon chukua jiwe la volkano, hayo hatuyakosi, liweke juu ya kitambaa kilekile. Utaona kitambaa cheupe kilicho kwenye kivuli bado kinaweza kuwa na mwanga kushinda jiwe jeusi lililo kwenye dirisha. Kikombe cheupe kifuate, na pale uangalie duara: la juu, karibu na usawa wa jicho, ni jembamba, la chini ni pana zaidi, wengi wanachora chini mstari wa kunyooka, sawa wa late (rula), na kikombe kinakatika.

Ukimaliza piga foto bidon na mchoro pamoja, geuza nuar e blan (nyeusi na nyeupe) kwenye telefone, ulinganishe giza na giza. Halafu iweke hapa, tutazame ule ubavu.