Baiskeli ya changarawe Kupro: usizunguke kisiwa, weka kambi Polis

Mkuu uliyeuliza kuhusu Kupro (au Saiprasi, kama wengi tunavyosema): una siku nne mwezi wa Aprili, unatoka Ujerumani na baiskeli yako ya changarawe, ile ya njia za vumbi, yenye tairi za upana wa milimita 32, unataka pwani na milima vyote, na umepanga kuzunguka kisiwa kizima. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu ndiko ninakoishi. Huu ni mwaka wangu wa sita Limassol, mji uliojaa kampuni za kusimamia meli, na mkate wangu unatoka huko huko kwenye meli. Jumamosi zangu zinaishia vumbini.

Wazo la kuzunguka kisiwa liweke pembeni. Pwani ya kusini ni hoteli na barabara kuu, utakula lami tu. Halafu tangu 1974 kisiwa kimegawanyika, na kuna ukanda wa Umoja wa Mataifa wa kama kilomita 180 unaokikata kutoka mashariki hadi magharibi. Unavuka kwenye vituo rasmi tu, kwa hiyo kinjia kizuri cha msituni unachokiona kwenye simu kinaweza kukupeleka mpaka kwenye seng'enge na askari. Hata huko kaskazini-magharibi, ukiifuata pwani kupita kijiji cha Pomos, barabara inaiacha bahari na kupanda milimani ili kuikwepa Kokkina, kipande cha pwani kinachoshikiliwa na jeshi la Uturuki.

Mimi ningelala Polis, huko huko kaskazini-magharibi, siku zote nne. Ni mji mdogo, bahari iko mbele, rasi ya Akamas iko kushoto kwako na msitu wa Paphos uko mgongoni. Asubuhi unachagua tu.

Tuanze na Akamas. Watu wengi wanatoka Polis, wanapita bandari ndogo ya Latchi hadi Bafu za Aphrodite, kidimbwi cha mwambani, ambako lami inakwisha, kisha wanaambaa na pwani. Wanafurahi sana saa mbili za kwanza. Mchana wanajikuta wanapandisha kutoka baharini hadi vijiji vya juu, jua la utosini, maji yamekwisha. Mimi naipiga kinyume. Natoka saa kumi na mbili asubuhi, napanda kwa lami kupitia Neo Chorio na Androlikou. Androlikou kilikuwa kijiji cha Wakupro wa Kituruki, walihama baada ya vita vya 1974, na leo wenyeji wake hasa ni mbuzi. Wanatoka madirishani kukutazama kama wewe ndiye umevamia kwao. Unaendelea hadi Ineia, zaidi ya mita 600 juu ya bahari, na kazi ngumu ya siku imeisha kabla jua halijakolea.

Hapo Ineia tafuta mgahawa wa kahawa, unywe kikombe kimoja na ujaze maji lita tatu. Usicheke, lita tatu. Kuanzia hapo hadi Bafu za Aphrodite usitegemee bomba wala duka. Kahawa yenyewe utaijua: kikombe kidogo, chungu, machicha yametulia chini, na wazee wamekaa nje kama wa barazani kwetu. Ukionyesha haraka watakwambia "siga siga", ndiyo pole pole yao, na wanaitamka kwa sauti ile ile.

Kutoka Ineia njia ya vumbi inashuka hadi ghuba ya Lara. Shuka taratibu, kuna kokoto zilizolala juu ya mwamba mgumu na breki ya mbele ikishikwa vibaya hapo inakulaza. Lara ndipo kasa wanapotagia, wa aina mbili, duvi na wale wa kijani tunaowajua Mafia na Watamu. Mradi wa kuwalinda ulianza 1978. Baiskeli ibaki njiani, usiiteremshe mchangani hata kwa picha.

Baada ya Lara unaelekea kaskazini, bahari kushoto kwako, na upepo wa mchana mara nyingi unatoka kusini-magharibi, yaani unakusukuma. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote Kupro. Njia ni nyeupe mpaka inaumiza macho, kisha ghafla nyekundu, kisha mwamba mtupu. Hakuna nyumba. Mwishowe inaikata rasi na kuibukia upande wa pili karibu na Fontana Amorosa, na kilomita chache za mwisho hadi Bafu za Aphrodite zina mawe na kingo zinazotazama maji moja kwa moja. Ukiona kizunguzungu shuka usukume, mimi nimesukuma na hakuna aliyekufa kwa aibu. Mzunguko wote ni kama kilomita 60, lakini usinipigie hesabu za kilomita 20 kwa saa. Ni siku nzima. Adui mkubwa ni magari ya kukodi ya watalii, yale madogo yasiyo na milango. Wanapita kwa kasi na kukuachia vumbi. Jumapili ndiyo mbaya zaidi.

Sasa udongo. Aprili mvua bado zinaweza kushuka, na mimi nilijifunza kwa gharama. Mwaka wangu wa pili niliingia Akamas siku moja baada ya mvua, jua linawaka, nikasema pamekauka. Juu palikuwa pamekauka kweli. Kwenye bonde moja njia ilibadilika kuwa udongo wa mfinyanzi, na katika mita hamsini gurudumu la nyuma liligoma kuzunguka. Nikashuka, nikakwangua kwa kijiti, nikapanda, likagoma tena. Nikafanya ujinga wa kukanyaga pedali kwa nguvu. Nikasikia *tak*. Kile kipande kidogo cha aluminiamu kinachoshikilia kibadilisha gia cha nyuma kilikuwa kimekatika, na kibadilisha gia kinaning'inia kwenye mnyororo kama samaki kwenye ndoano. Bahati nilikuwa na kifaa cha kukatia mnyororo. Nikautoa mnyororo kwenye kibadilisha gia, nikaufupisha, nikaufunga kwenye gia moja ya katikati, na nikarudi hivyo kama baiskeli ya Phoenix ya babu, milima yote nasukuma. Nilifika Latchi giza limeingia.

Kwa hiyo mawili. Beba kipande hicho cha akiba, kile cha fremu yako hasa, maana haviingiliani, na hapa usitegemee kukipata dukani. Na mvua ikinyesha, Akamas ipe siku mbili ikauke, wewe nenda msituni.

Msitu wa Paphos ni dunia nyingine. Misonobari mpaka macho yanachoka, na njia za vumbi za Idara ya Misitu, ngumu na zinazotunzwa, zinapanda kwa mwinuko wa wastani. Mvua haiziharibu kama Akamas. Panda kupitia Lysos hadi Stavros tis Psokas, kituo cha misitu chenye maji na kivuli, na wana zizi la agrino, yule kondoo mwitu unayemwona kwenye sarafu za Kupro za senti 1, 2 na 5. Nje ya zizi nimemwona mara moja tu, kwa sekunde tatu, akiruka barabara. Kama miguu bado ipo, endelea hadi Bonde la Mierezi chini ya mlima Tripylos. Mierezi hiyo ni aina ya Kupro peke yake. Unapanda zaidi ya mita 1,000 kwa jumla, kwa hiyo uwe na gia nyepesi. Ukiona moshi piga 1407, ni namba ya moto wa msituni, na watu wa hapa hawafanyi mzaha nayo: moto wa Julai 2021 uliua watu wanne.

Siku ikibaki, kuna madaraja ya mawe ya kale, Kelefos na Roudia, walikopita ngamia na shaba ya milima ya Troodos. Pazuri, lakini kutoka Polis ni mbali, tafuta usafiri.

Tairi zako za 32 ziache Ujerumani. Weka 45, zisizo na tyubu, na dawa ya kuziba ya kutosha, maana miiba ya huku inapenya kila kitu. Barabarani tunapita kushoto kama nyumbani, jambo ambalo wewe wa Ujerumani utalisahau kwenye mzunguko wa kwanza wa barabara. Soketi ni za pini tatu, zile zile za kwetu.

Na ukiihamishia safari Novemba, hali ya hewa ni nzuri tu, ila Jumatano na Jumapili ni siku za kuwinda sungura na kwale. Siku hizo vaa rangi kali au baki Latchi uogelee.