Umechelewa kazini? Sababu zinazoeleweka na zisizoeleweka, kwa anayepanga zamu

Habari zenu wadau. Mimi napanga zamu za mapokezi na hausikiping kwenye hoteli moja hapa Dar, ni miaka kadhaa sasa, na hakuna jambo linaloleta ugomvi kazini kwetu kama hili la kuchelewa. Nimeona watu wazuri, wachapakazi kabisa, wanapewa barua ya onyo wakati sababu waliyokuwa nayo ilikuwa ya kweli, ila waliisema vibaya au waliisema wakati haisaidii tena. Hilo linaniuma ndo maana nimeamua kuandika.

Kwanza muelewe kwamba ukichelewa anayeumia wa kwanza sio bosi. Zamu ya asubuhi kwetu inaanza saa 1, na pale kaunta kuna mwenzio amekesha tangu jana usiku, anatakiwa akukabidhi hesabu ya keshi, funguo, orodha ya wageni wanaotoka na mgeni wa chumba fulani anayesubiri gari la eapoti, hawezi kuondoka mpaka ufike. Kuna dada alikuwa na mtoto wa chekechea, akitoka saa 1 kamili anamuwahi nyumbani kabla hajapelekwa shule, akitoka saa 2 hamuoni mpaka jioni na jioni yeye anajiandaa kurudi kazini. Kwa hiyo mtu akiniambia "nimechelewa nusu saa tu" namuwaza yule dada.

Sasa tuje kwenye foleni. Ndugu zangu, foleni ya kawaida ya Dar sio sababu. Kama unatoka Mbagala, Gongo la Mboto au Bunju, unaijua foleni kuliko mimi, ipo jana ipo leo na kesho itakuwepo, msimamizi anahesabu kwamba umeshaipangia. Ila kuna siku foleni inakuwa sababu kabisa na hakuna msimamizi mwenye akili atakayekubishia, mfano Jangwani ikijaa maji. Mto Msimbazi ukifurika Barabara ya Morogoro inafungwa pale kati ya Magomeni na Fire, mabasi ya mwendokasi ya Kimara hayawezi kupita kwenda Kivukoni, watu wote wanageukia daraja la Salender na huko nako kunajaa magari mpaka basi. Au ajali kubwa, au kivuko cha Kigamboni kimepata hitilafu watu wamejaa Feri inabidi mzunguke darajani Kurasini. Hayo yanaeleweka.

Lakini hata hapo kuna namna ya kusema. Masika mwaka jana kuna kijana wetu alinitumia meseji saa 12 na dakika 20, naikumbuka mpaka leo kwa jinsi ilivyonyooka: "Shikamoo dada. Nipo Magomeni, Jangwani pamefungwa, nachukua boda nizunguke Kinondoni nipite Salender. Saa 1 na nusu nitakuwa hapo. Wa usiku nimeshampigia amekubali kunishikia." Yaani humo ndani kuna kila kitu ninachokihitaji, yupo wapi, kimetokea nini, anafanyaje, atafika saa ngapi na nani anamshikia. Sikuwa na swali hata moja, niliendelea na kazi zangu. Siku hiyohiyo mwingine wa njia ileile alifika saa 2 kasoro kimya kimya, simu haipatikani, ndo anaanza kuhadithia mafuriko pale mlangoni. Mafuriko yaleyale, ila aliyekaa kimya aliandikwa kwenye daftari la waliochelewa na aliyetuma meseji hakuandikwa, na mimi naona ni haki. Kingine, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa jioni, basi jioni hiyohiyo ongea na msimamizi wako, muombe mbadilishane na anayekaa karibu, usisubiri asubuhi.

Ugonjwa unaeleweka siku zote. Ukienda hospitali omba ED, ile karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi, usione aibu, ni karatasi yako, na kama ulimpeleka mtoto njoo hata na kadi yake ya kliniki. Ukiporwa na vibaka njiani au ukipata ajali ya bodaboda, usalama wako kwanza, kazi itasubiri, alafu ukitulia kachukue RB polisi, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha, uilete. Mtu wa familia akifariki, sheria yetu ya ajira ya mwaka 2004 inakupa siku 4 za likizo yenye malipo kwa msiba wa mwenza, mzazi, mtoto, babu, bibi, mjukuu, kaka au dada, kwa hiyo usijifiche kwenye "nimechelewa kidogo" wakati una msiba, sema ukae na wenzio. Na kina mama mnaonyonyesha, sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akuruhusu muda usiozidi masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi umnyonyeshe mtoto. Wengi hawajui wanatoroka toroka na kuchelewa wakati wangeomba tu waziwazi saa zipangwe vizuri.

Zisizoeleweka nazitaja haraka maana mnazijua: simu iliisha chaji, alamu haikulia, nauli ilipungua, bibi amefariki na mwezi wa tatu alishafariki. Sababu ya kusubiri maji nyumbani nitaisemea kidogo kwa sababu ni ya kweli, kuna mitaa maji yanatoka alfajiri tu na ukiyakosa ndo basi, nakuelewa dada yangu, ila kama kwenu ni kawaida basi mpange na watu wa nyumbani nani anajaza ndoo siku za zamu yako ya asubuhi.

Ukipewa onyo la maandishi usisaini kwa hasira na usikatae kusaini, lisome, andika maelezo yako hapohapo, na uombe nakala yako. Kanuni za utendaji bora za ajira za mwaka 2007 zinasema kosa la kwanza halitoshi kumuachisha mtu kazi isipokuwa likiwa kubwa sana, sasa kuchelewa mara moja sio hilo, ila maonyo yakijazana kwenye faili lako yanaweza kukufikisha huko.

Na kama sababu yako inajirudia, tafadhali usiisubiri ikupate kila mara. Tuna mama mmoja wa hausikiping mwanae ana selimundu (sikoseli, ugonjwa wa damu), kliniki zake zina tarehe zinazojulikana. Alikuja na kadi tukakaa tukaangalia, siku hizo tunampanga zamu ya mchana na hajawahi kugombana na mtu. Kwetu ratiba ya mwezi inabandikwa tarehe 25, kwa hiyo nenda kabla haijabandikwa, nenda na tarehe zako umeziandika, maana ikishabandikwa inabidi utafute mwenyewe mtu wa kubadilishana nae na sio kila mtu atakubali.