Miche ya nyanya imekuwa kama nyuzi: niiokoe au niitupe?

SWALI: Bwana agronomu, habari za kazi. Ninaishi Ndosho, hapa Goma. Wiki tatu zimepita tangu nisie nyanya, pilipili hoho na matango kwenye vikopo vya siagi. Nimeviweka chumbani kwa sababu nje kuku hawaachi kitu. Dirisha ni dogo, kwa hiyo nategemea ampuli ya LED ya wati 9 iliyo darini, na naiacha inawaka usiku kucha umeme ukiwepo. Sasa miche imerefuka mno, shina jembamba, rangi imepauka, mingine imeshalala. Jirani ananiambia niimwagie maji ya mbolea ya kuku ipate nguvu. Nifanyeje?

JIBU: Mama, mbolea ya kuku iache kwanza ilipo. Naitrojeni yake itaisukuma miche izidi kurefuka, na ikiwa bado mbichi itaunguza mizizi. Miche yako haina njaa ya chakula. Ina njaa ya mwanga.

Ila kabla hatujaendelea, inama uangalie shingo ya kila mche, pale shina linapotokea kwenye udongo. Ukiona pamekuwa kahawia, pamebonyea kana kwamba mtu amepafunga kamba, huo ni ugonjwa wa kuoza shingo. Mche wa namna hiyo haufufuki. Ng'oa, tupa pamoja na udongo wake, na upunguze maji kwa iliyobaki. Kama shina ni jembamba lakini zima kuanzia chini hadi juu, basi bado tuna kazi ya kufanya.

Najua utaniuliza: mwanga gani tena, wakati chumba kinang'aa? Macho yetu yanatudanganya. Mboni inapanuka gizani na kujibana juani, kwa hiyo kwetu chumba na uwanja vinakaribiana. Kwa mmea havikaribiani hata kidogo. Jua la mchana hapa kwetu linafika luksi 100,000 hivi (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), na hata siku ya mawingu unapata 10,000 au zaidi. Ampuli yako ikiwa sentimita 80 juu ya miche, inaipa kama 200 au 300 tu. Mche ukikosa mwanga unadhani umefunikwa na majani ya wenzake, basi unatumia nguvu zake zote kupanda juu kuutafuta, na unene wa shina unasahauliwa. Ndiyo maana msongamano nao unaharibu: kama kila kikopo kina miche mitano, bakiza mmoja au miwili. Hiyo mingine ikate kwa mkasi usawa wa udongo, usiing'oe, maana mizizi imeshashikana.

Ampuli ishushe kwa kamba hadi sentimita 20 juu ya majani. Umbali ukipungua mara nne, mwanga unaongezeka karibu mara 16, na huongezi hata wati moja. Weka mgongo wa mkono usawa wa majani kwa dakika moja; ukisikia joto, pandisha kidogo. Zungushia boksi lililobandikwa karatasi nyeupe ndani, mwanga usipotee ukutani. Na usiku uizime. Saa 14 hadi 16 kwa siku zinatosha. Nyanya hasa haipendi kuangaziwa saa 24: majani yake huwa manjano, kisha tunasingizia udongo.

Hayo ni kama utang'ang'ania chumba. Mimi ningeitoa nje. Hizi habari za kuotesha miche chini ya taa wengi tunaziona kwenye video za Ulaya, ambako mwezi wa pili siku ni fupi na nje kuna theluji. Goma iko karibu na ikweta. Mwaka mzima tuna saa 12 za mchana, tofauti ni dakika chache tu. Taa bora unayo bure barazani. Tatizo lako ni kuku, na kuku dawa yake ni meza ndefu na kipande cha chandarua kuukuu kilichofungwa pande zote. Juu tandika plastiki nyeupe inayopitisha mwanga, mvua zetu nzito zisiilaze.

Usiitoe ghafla, lakini. Tuko kwenye mita 1,500 hivi, na jua la saa sita linachoma. Mimi mwenyewe niliwahi kutoa miche ya kabichi mchana kweupe kwa haraka zangu. Jioni majani yalikuwa na mabaka meupe kama karatasi, na nusu ilikufa. Siku ya kwanza ipe saa moja ya jua la asubuhi, kisha kivulini. Ongeza saa moja kila siku, kwa siku 7 hadi 10. Upepo wa barazani utaikaza shina. Ukiwa bado ndani, ipapase vichwani kwa kiganja, taratibu, mara 10 au 20 asubuhi na jioni. Inachekesha kuona mtu mzima anabembeleza nyanya, lakini shina linalotikiswa kweli linanenepa.

Shina lililokwisha kurefuka halirudi kuwa fupi. Kwa nyanya tunalificha. Shina la nyanya hutoa mizizi popote linapogusa udongo wenye unyevu, kwa hiyo ukihamisha, toa majani ya chini na ulifukie hadi karibu na majani ya juu. Shika mche kwa jani, usiubane shina. Najua parseli zetu: unachimba kidogo, unagonga mwamba wa lava. Basi chimba mfereji mfupi, laza mche ubavu, kichwa tu kibaki nje. Baada ya siku chache kitajinyoosha chenyewe. Au kata bidoni la lita 20, litoboe chini, jaza udongo na mboji iliyoiva, ufukie humo.

Pilipili hoho haina ukarimu huo. Ifukie kidogo tu, hadi chini ya majani yale mawili ya kwanza, na uisimamishe kwa kijiti. Nayo itachelewa kuliko nyanya.

Matango usihangaike nayo. Shina lake ukilifukia linaoza, na mizizi yake haipendi kuguswa. Sia mbegu mpya moja kwa moja pale yatakapokulia, nje, chini ya chandarua hicho hicho. Matango huota haraka, hutajutia wiki hizo tatu.