Barua kwa mwanangu: kahawa ya jaji Wythe

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma usiku, nikaona si wa kujibiwa kwa kidole kwenye simu. Uliandika: "Baba, huyu George Wythe mnayemsifu, mwalimu wa Jefferson, imekuwaje alishwe sumu nyumbani kwake, mtuhumiwa ajulikane, halafu atoke mahakamani huru? Na yeye mwenyewe alikuwa mtu mwema, au mnafiki kama wenzake?" Hayo ni maswali mawili. La kwanza lina jibu lake. La pili ndilo lililoninyima usingizi.

Ujana wake tuupite haraka. Alizaliwa Virginia, Marekani, mwaka 1726, akaanza uwakili akiwa na miaka kama 20, akaingia bungeni. Azimio la Uhuru wa Marekani la 1776 ukilitazama kwenye saini za Virginia, jina lake liko juu ya la Thomas Jefferson, Rais wa baadaye, kijana aliyejifunza sheria mikononi mwake. Mwaka 1779 chuo cha William and Mary kikamfanya profesa wa sheria, wa kwanza Marekani nzima. John Marshall, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, aliketi kwenye darasa lake. Henry Clay, mwanasiasa mashuhuri wa baadaye, naye alikuwa karani wake, na hapo mimi karani mstaafu huwa navimba kichwa kidogo.

Sasa twende Richmond, mji mkuu wa Virginia, asubuhi ya tarehe 25 Mei 1806. Mzee anakaribia miaka 80, mkewe alishafariki, na bado ni jaji. Jikoni yupo Lydia Broadnax. Huyu alikuwa mtumwa wake. Mwaka 1787 akamwandikia hati ya uhuru, naye akaendelea kumpikia kwa hiari yake. Yupo pia Michael Brown, kijana chotara aliye huru, ambaye mzee alikuwa akimfundisha Kigiriki. Na yupo George Wythe Sweeney, mjukuu wa dada yake mzee, aliyepewa jina la babu akashindwa kulibeba. Kwenye wosia kila mmoja wa hawa watatu alikuwa na fungu lake, na Michael akitangulia kufa, la kwake linakwenda kwa Sweeney.

Lydia alisimulia kwamba asubuhi ile Sweeney aliingia jikoni, akajimiminia kahawa yake kutoka kwenye birika, akatupa kikaratasi motoni, akaondoka zake. Baadaye wote watatu waliobaki wakaanza kutapika. Michael alikufa tarehe 1 Juni. Mzee alipigania roho yake wiki mbili, huku akisema ameuawa. Alimwita wakili Edmund Randolph, akamfuta Sweeney kwenye wosia, kisha akafariki tarehe 8 Juni. Lydia alipona.

Ushahidi ulikuwepo. Ilibainika kijana alikuwa ameghushi saini ya mzee kwenye hundi za benki. Alipokuwa rumande, kijakazi wa mkuu wa jela aliokota uani karatasi yenye sumu ya aseniki. Madaktari walipasua maiti lakini hawakuwa tayari kuapa kwamba ni sumu. Kwa hiyo kesi ikabaki kuwategemea wanawake wawili: mpishi aliyemwona jikoni na kijakazi aliyeokota karatasi. Wote wawili weusi. Sheria ya Virginia ilisema mtu mweusi, hata akiwa huru, hawezi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu.

Unajua nilivyofanya kazi mahakama ya mwanzo. Shahidi akishaapa, awe mwalimu au muuza mihogo, kalamu yangu ilikuwa inaanza kukimbia. Kule Septemba 1806 maneno ya Lydia hayakufika hata kwenye wino. Sweeney alitetewa na William Wirt na, shika kiti, Edmund Randolph yuleyule aliyeandika mabadiliko ya wosia pembeni ya kitanda cha marehemu. Wazee wa baraza wakamwona hana hatia. Hata ile kesi ya hundi haikumfunga, maana ilionekana sheria ya kughushi, kwa jinsi ilivyoandikwa, haikuligusa kosa lake.

Hilo ndilo jibu la swali la kwanza. La pili sasa.

Mwaka 1776 Virginia iliunda kamati ya kuzipitia upya sheria zake zote. Waliomaliza kazi walikuwa watatu: Jefferson, Pendleton na Wythe. Mwaka 1779 walipeleka miswada 126. Ule wa 51 ulihusu watumwa, na ndani yake mlikuwa na kifungu kwamba weusi wasiwe mashahidi isipokuwa kwenye kesi za weusi wenzao. Kifungu hicho wao hawakukibuni, kilikuwa cha enzi za ukoloni. Lakini walikishika mkononi, kalamu ikiwa tayari, wakakiacha kipite. Wythe alikuwa mezani.

Ukiishia hapo utasema mnafiki, nami sitakukataza. Ila mtazame huyo huyo miaka ya mwisho. Ilifika mbele yake kesi ya Hudgins na Wright, ya wanawake wa ukoo mmoja wakidai uhuru wao. Wythe aliamua kwamba uhuru ni haki ya kuzaliwa ya kila binadamu, na anayedai mwingine ni mtumwa wake ndiye athibitishe. Hakuna jaji wa Virginia aliyekwenda mbali hivyo. Mahakama ya rufaa, Novemba 1806, iliwaacha wanawake wale huru kwa sababu ukoo wao ulikuwa wa Wahindi Wekundu, lakini ikaikataa hoja yake kwa watu wa asili ya Afrika. Mmoja wa waliomkosoa ni St. George Tucker, mwanafunzi wake mwenyewe na mrithi wake pale chuoni. Mwalimu alikuwa kaburini miezi mitano.

Basi mimi namwona mtu aliyebadilika akiwa amechelewa. Mwaka 1779 alikuwa na nafasi ya kukipinga kile kifungu. Mwaka 1806 alikuwa na hoja nzuri na pumzi fupi. Wewe unasoma sheria sasa hivi, utamhukumu kwa ukali kuliko mimi, na labda ndivyo inavyotakiwa.

Vitabu vyake alimwachia Jefferson. Lydia alibaki na macho yanayofifia, na mwaka 1807 akamwandikia Jefferson, wakati huo Rais, akiomba msaada. Jefferson alimpelekea dola 50.

Mama yako anauliza kama lile koti ulilipata.

Baba yako