Cheti cha maziwa na nyama

Wiki hii mmeuliza: ni daktari gani mngependa wanafunzi wa udaktari wamjue kabla hawajavaa koti jeupe? Wangu ni H. Jack Geiger, Mmarekani aliyefariki Desemba 2020 akiwa na miaka 95.

Mimi ni muuguzi wa zahanati za vijijini. Kwa miaka mingi, mama mwenye mtoto wa kwashakoo nilimpa maneno tu. Namkumbuka mmoja aliyerudi mara ya tatu. Miguu ya mtoto imevimba, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Nywele zimepauka, nyepesi kama ndevu za mahindi. Kwenye kadi ya kliniki nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: apewe mayai, maziwa, maharage. Mama akaitazama ile kadi, akaniuliza kwa upole, "Sasa nesi, hivi navichukulia dirisha gani?" Sikuwa na la kumjibu.

Geiger alikuwa nalo. Mwaka 1967 kituo cha afya alichokianzisha na wenzake kilifungua milango Mound Bayou, jimbo la Mississippi, mji uliojengwa mwaka 1887 na watu weusi waliotoka utumwani. Mashine za kuvuna pamba zilikuwa zimewanyang'anya watu vibarua, na watoto walikuwa wakiharisha na kudhoofu kwa njaa. Basi madaktari wakaanza kuandika vyeti vya chakula. Mgonjwa anakipeleka cheti dukani, anapewa maziwa, mboga na nyama, na duka linalipwa kutoka fungu la dawa la kituo. Malalamiko yakafika Washington, akatumwa ofisa kuja kusema kwamba fedha ya dawa ni ya dawa. Geiger akamwambia kwamba mara ya mwisho alipofungua vitabu vyake vya udaktari, tiba ya utapiamlo ilikuwa chakula.

Wakachimba visima na vyoo, wakakarabati nyumba, wakatia nyavu madirishani. Kisha John Hatch, aliyesimamia kazi za kituo na jamii, akashirikiana na wenyeji kuanzisha ushirika wa kilimo, watu waliozoea kulima pamba ya mwenye shamba wakawa wanalima mboga za kula wenyewe. Mimi hapa ndipo ninapompendea Geiger zaidi kuliko kwenye vile vyeti. Fungu la dawa linaweza kukatwa kwa barua moja kutoka juu. Shamba lile lilikuwa lao.

Na kuna jambo ambalo wenzangu wengi nikiwasimulia hushangaa: Geiger hakuyajifunza haya Marekani. Mwaka 1957, bado mwanafunzi, alisafiri hadi Afrika Kusini na kufika Pholela, kwa Wazulu, ambako Sidney na Emily Kark, mtu na mkewe, wote madaktari, walikuwa wameanzisha kituo tangu 1940. Pale wahudumu walipita nyumba kwa nyumba, wakijua kila kaya ina watu wangapi na wanakula nini, na walihimiza bustani za mboga kama walivyohimiza chanjo. Serikali ya Makaburu haikuipenda kazi ile, na akina Kark wakaishia kuhama nchi. Lakini kijana yule alikuwa ameshaona. Mwaka 1965 yeye na Daktari Count Gibson walifungua kituo cha namna hiyo Columbia Point, mtaa wa watu maskini Boston, kisha wakaenda Mississippi. Leo vituo vya jamii vya aina hiyo vinahudumia watu wapatao milioni 30 kote Marekani. Chimbuko lake ni kijiji cha Afrika, na sisi huku hatufundishwi.

Siku hizi, kabla sijaandika kitu kwenye kadi, namuuliza mama jana jioni walikula nini, nani analima, kama kuna kuku. Nyuma ya zahanati tumepiga matuta ya mchicha na kunde, na mama mwenye mtoto aliyedhoofu haondoki bila fungu la mboga na mbegu kidogo kwenye karatasi. Mayai na maziwa bado hatujayapatia njia.