Sista, nilizimia mbele ya mgonjwa

SWALI: Shikamoo sista. Mi ni binti wa miaka 21, nasoma uuguzi mwaka wa pili hapa Mwanza, nakaa Buswelu kwa mama mdogo. Mwezi uliopita tumeanza fildi kitengo cha dharura, siku ya tatu tu akaletwa kijana wa bodaboda kagongana na fuso, mguu umevunjika na mfupa umetoka nje. Nilikuwa nimeshika trei. Nikaanza kusikia masikio yanavuma, jasho la baridi, kuja kushtuka nipo chini wenzangu wananipepea. Tangu hapo naogopa kurudi. Wapo wanaosema nitazoea, wapo wanaosema nihamie famasi, mama mdogo anasema nina moyo mwepesi. Hivi kuna namna mtu anajiandaa na yale mambo kabla hajayaona, au unazaliwa nayo tu?
Mwanafunzi, Buswelu

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Mwambie mama mdogo kwa heshima zote kwamba hapo moyo mwepesi haumo. Kuna watu wakiona damu au kidonda kibaya mwili wao unafanya jambo la ajabu kidogo, mapigo yanapanda kwanza halafu ghafla yanashuka na presha inashuka nayo, damu inapungua kichwani, ndo hapo masikio yanavuma, macho yanaingia giza, unaenda chini. Mara nyingi inatembea kwenye ukoo, ukimuuliza vizuri mama yako au wajomba unaweza kukuta yupo mwingine anayeanguka akichomwa sindano tu. Nimefanya kazi dharura miaka mingi na nimeona wanaume wa miraba minne wanaanguka mlangoni, tena wale wanaosindikiza ndugu ndo wengi zaidi.

Na kwa kuwa ni presha, kuna kitu cha kufanya. Watu watakwambia tulia, legeza mwili, vuta pumzi. Kwa mtu anayeogopa tu ni sawa, ila kwa anayezimia kulegeza mwili kunaishusha presha zaidi. Wewe kaza. Kaza mikono, mapaja na tumbo kwa pamoja kama mtu anayejitwisha ndoo ya lita 20, hesabu mpaka 10 au 15 mpaka usikie uso unapata joto, halafu achia kwa sekunde 20 au 30 ila usilegee kabisa, rudia mara 5. Anza kufanya nyumbani ukiwa umekaa kwenye kigoda, kila siku kwa wiki nzima, ili siku ya siku mwili uwe unaijua njia. Halafu usiingie shifti na njaa, najua nyie wanafunzi mnaamka saa 11 mnakimbilia daladala na chai hamjanywa. Kula hata kiporo, kunywa maji, na ukisimama muda mrefu usikaze magoti kama askari wa gwaride, chezesha vidole vya miguu. Ukiona masikio yameanza kuvuma sema kwa sauti "naomba nikae", weka trei chini, kaa hapohapo sakafuni ikibidi. Hamna aibu kwenye kukaa. Hatari ni kumwangukia mgonjwa au kujipasua kichwa kwenye ukingo wa kitanda, hapo tunakuwa na wagonjwa wawili.

Hiyo ni ya mwili. Sasa ya moyo, na hapa naomba unisikilize vizuri.

Wiki yangu ya kwanza, sikutajii ni hospitali gani, waliletwa mama na mwanae wametoka sokoni wamegongwa. Yule mama alikuwa ameshikilia mfuko wa rambo mkononi, dagaa wa mia tano na nyanya, na kila mtu anahangaika naye hakuna aliyefikiria kumtoa ule mfuko. Ukapasuka. Nyanya zikaviringika sakafuni mpaka chini ya machela, na mimi nikapiga magoti nikaanza kuokota nyanya. Naokota moja moja, nazipanga pembeni ya ukuta, nazipanga vizuri kabisa kama nauza fungu, na nyuma yangu watu wanaitana. Sikuwa nimechanganyikiwa, nilikuwa nasikia kila kitu, ila mikono ilikuwa imekataa kugeuka. Inchaji wetu, yaani muuguzi msimamizi wa kitengo, mama mmoja wa Kikerewe mpole sana, hakunifokea. Alinishika bega akaniambia, "Acha nyanya. Weka kiganja hapa. Bonyeza. Usitoe mpaka nikwambie." Nikabonyeza gozi, kile kitambaa cheupe cha kuzibia kidonda, kwenye paja la yule mama. Na mdogo wangu, nakwambia kweli, kuanzia pale sikuona tena vitisho, niliona gozi, naona kama damu inapita au imesimama, naongeza gozi nyingine juu yake bila kutoa ya kwanza, nasikia joto la ngozi chini ya glovu. Nilikaa hivyo labda dakika 20. Sikutetemeka hata kidogo. Nilitetemeka baadae, kwenye ngazi.

Ndo nilichojifunza siku ile na ndo ninachowafundisha wote wanaopita kwangu: mikono ikikosa kazi itajitafutia kazi yake yenyewe, na macho yakikosa njia yatabaki yamekwama kwenye kile kibaya zaidi. Kwa hiyo kujiandaa ni kujua kabla kwamba mkono wako utashika nini kwanza. Ile njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu unayokariri kwa ajili ya mtihani ina kazi nyingine ambayo mwalimu hakukwambia, inayapa macho barabara. Unaingia, unaona mguu umegeuka nyuma, lakini barabara yako inasema kama damu haichuruziki kwa nguvu huo mguu usubiri, anza juu. Anaongea? Basi hewa inapita. Kifua kinapanda pande zote mbili? Mpaka uufikie ule mguu tayari umeshafanya mambo manne na mwili umeshatulia. Na hata kwa mgonjwa ndo usalama wake, kwasababu kidonda kinachotisha mara nyingi sicho kinachoua, na anayepiga kelele mara nyingi siye aliye hatarini, mtazame yule aliyenyamaza kwenye kona.

Muombe inchaji kitu kimoja. Kabla mgonjwa hajafika, kama kuna taarifa, akwambie kwa maneno unachoenda kuona. "Anakuja kijana, mfupa umetoka, damu nyingi, anaongea." Macho yaliyoambiwa hayashtuki sana kama yaliyovamiwa. Na akupe kazi moja tu, siyo kumi. Wewe dripu. Au wewe kushika kichwa. Au wewe kuandika muda. Ukiwa huna kazi usisimame pale kutazama, toka, kwasababu anayetazama bila kazi ndo anayeumia kuliko wote. Nyumbani unaweza kuangalia picha za kitabuni, anza na za kuchorwa, halafu za kweli, dakika chache, na kila picha ujiulize hapa ningeanza na nini. Ila zile video za ajali zinazorushwa kwenye magrupu ya watsapu achana nazo, zile hazikufundishi chochote, zinakubebesha tu mizigo ya watu ambao huwezi kuwasaidia.

Kuhusu "utazoea". Hili neno silipendi kwa kweli. Damu utaizoea, harufu utaizoea kiasi. Lakini nimewahi kufanya kazi na waliozoea kila kitu, na siku moja unamkuta anamvuta mtoto aliyeungua kama anavuta gunia la mkaa. Huko usifike. Mimi mpaka leo nyanya zikimwagika sokoni Kirumba nasimama kwanza, na sitaki hilo liishe. Kitakachobaki kichwani si lazima kiwe kidonda, mara nyingi ni kitu kidogo cha kawaida, ndala, sare ya shule, harufu ya dagaa. Kikija usikifukuze, kiambie tu nimekuona, endelea.

Na baada ya shifti ngumu usiende moja kwa moja chumbani kujifungia. Nawa mpaka kwenye viwiko, badilisha nguo, kaa na yule mliyekuwa naye zamu hata dakika 10 mnywe chai. Ukitaka kuongea ongea, usipotaka usilazimishwe, siku hizi wataalamu wenyewe hawashauri kumkalisha mtu siku ileile na kumlazimisha asimulie kila kitu mwanzo mwisho. Ndoto mbaya, kukosa hamu ya kula, kushtuka honi ikipigwa, hayo kwa siku na wiki za mwanzo ni mwili unamalizia kazi, kwa wengi yanapungua yenyewe. Yakizidi mwezi, au ukiona unakwepa shifti, unalia bila sababu, unataka kunywa ndo ulale, nenda kwa wataalamu wa afya ya akili, hospitali ya Bugando wana idara nzima, na ukienda pale kama mfanyakazi mwenzao hakuna atakayekushangaa.

Rudi fildi Jumatatu. Mwambie inchaji ukweli kwamba uliwahi kuzimia. Akupe gozi.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni mvuvi, mwalo mmoja huku Ilemela. Miezi miwili iliyopita mwenzetu alizama usiku wakati wa dagaa, tukamtafuta siku tatu, tukampata ameelea, mimi na wenzangu wawili ndo tulimtoa kwa mikono yetu. Tangu siku ile samaki hapiti kooni na mimi ndo kazi yangu. Usiku nasikia kama mtu anagonga mtumbwi. Nifanyeje, maana ziwa ni lilelile na itatokea tena.
Baba wa watatu, Ilemela

JIBU: Kaka yangu, pole kwa msiba, na asante kwa kumrudisha mwenzenu kwao, familia imepata kaburi la kwenda.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ziwa letu hili wanaofika wa kwanza huwa ni nyie. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 wakafa watu zaidi ya 220, mitumbwi ya wavuvi ndo ilikuwa ya kwanza pale. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba Novemba 6, 2022, wavuvi tena, na watu 24 kati ya 43 walitoka hai. Sisi wa hospitali tunafundishwa, tunapewa glovu, tunapewa chai. Nyie mnarudi kutandaza nyavu kesho yake. Hilo linaniuma sana.

Mkae nyie wa mwalo na mwenyekiti wenu wa BMU, kile kikundi cha kusimamia ufukwe na uvuvi, mpange kabla. Nani ataenda, na wasiwe ndugu wa damu wa aliyezama kama inawezekana. Mtumbwi uwe na turubai na glovu hata zile nene za kazi. Mkimfikia aliyekwisha kufa mfunike mapema, mshike kwa turubai, na usimkazie macho usoni wala mikononi, wala usifungue simu au pochi yake kuangalia picha za watoto, hiyo kazi waachie polisi. Si kumkosea heshima. Ni kwamba uso na mikono ndo vinavyomfuata mtu nyumbani. Watoto wa mwaloni waondolewe. Na mmoja wenu abaki nchi kavu kazi yake iwe moja tu, kukaa na familia.

Lakini jiandaeni zaidi kwa yule ambaye bado anaweza kupona, maana hapo ndo mikono yenu ina kazi kubwa. Aliyetolewa majini sasa hivi na hapumui msimning'inize kichwa chini, msimkamue tumbo, muda unapotea na matapishi yanaingia kwenye mapafu. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi mdomoni, kwa aliyezama pumzi ndo zinaanza, halafu bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka, mara 30, pumzi 2, tena na tena bila kuchoka, mkipokezana. Mwingine apige 114 ya zimamoto. Tafuteni mtu wa kituo cha afya aje awafundishe mwaloni, ni asubuhi moja tu.

Kuhusu samaki, usijilazimishe na usiseme basi maisha. Kula maharage, kula mlenda, baada ya muda anza na kipande kidogo cha sangara wa kukaanga mezani na watoto wako, mchana, siyo dagaa na siyo usiku. Miezi miwili na bado unasikia kugongwa mtumbwi ni muda wa kuona daktari, usisubiri mwaka. Nenda na mmoja wa wale wawili mliokuwa wote, na yeye nina hakika halali.

SWALI: Sista, mume wangu ni dereva wa gari la wagonjwa Sengerema. Siku nyingine akirudi haongei kabisa, nikimuuliza kulikoni anatoka nje. Nimemkosea nini?
Mama Neema

JIBU: Hujamkosea chochote mama. Usimuulize kulikoni. Muwekee maji ya moto ya kuoga kabla ya salamu ndefu, halafu chakula, halafu kaa karibu na ufanye kazi yako, chambua mchele, kunja nguo. Wengi huanza kuongea wakiwa hawatazamwi. Akisema neno moja, itikia kwa neno moja, usikimbilie kusema "usiwaze hayo". Na akinyamaza mpaka mnalala, acha taa ya koridoni ikiwaka.